Tanzia ya Neno "Bado"

Kwa majonzi makubwa tunawatangazia ndugu, jamaa na marafiki wote wa Jeppestown, pamoja na wale wa Yeoville wanaodanganya watu kwamba wanakaa Observatory, mtaa wa wenye nazo, kuwa neno "bado" limefariki dunia. Limeuawa mchana kweupe, kwa kidole gumba, na Régis wa Bujumbura. Marehemu alitutumikia bila kuchoka. Chakula? Bado. Makaratasi? Bado. Utaoa lini? Bado. Amina.

Muuaji hakujificha. Alitangaza mwenyewe, amesimama juu ya kiti katika saluni ya Mama Brigitte, simu mkononi kama Musa na fimbo yake.

"Bamama! Kuanzia leo hakuna kusubiri tena!"

Lazima mumjue Régis. Ni fundi wa programu za mtandaoni, ana meza yake katika ofisi moja ya vioo kule Midrand, na ugonjwa wake ni mmoja tu: anataka kila kitu kwenye simu kiteleze. Kiteleze! Kurasa zake zinapita kama siagi kwenye kikaango. Ukigusa kitufe, kinabonyea kidogo kama shavu la mtoto mchanga. Simu inatetemeka kwa adabu. Nakwambia, nzi akitua kwenye kioo cha ile programu anaanguka chali na kuvunjika mguu!

Adui yake duniani ni kile kiduara cha kwenye simu. Kile kinachozunguka, kinazunguka, na wewe unakitazama kama paka mbele ya bucha lililofungwa.

"Kiduara ni tusi kwa mteja," husema. "Kiduara kinasema 'bado'. Programu yangu haisemi 'bado'!"

Sasa, saluni ya Mama Brigitte, mama wa Bukavu, ilikuwa na foleni yake ya asili. Ukifika unaweka pakiti yako ya rasta kwenye benchi. Pakiti inasubiri, wewe unakwenda zako. Haihitaji chaji wala data, na hakuna aliyewahi kuthubutu kuisogeza pakiti ya mwenzake.

Régis akaliita benchi lile aibu ya Afrika nzima. Akalibeba mwenyewe hadi nje. Mahali pake akamletea Mama Brigitte kompyuta yenye orodha ya wateja, na wateja akawapa programu: chagua siku, chagua saa, gusa. Tiki kubwa ya kijani inaruka, inakata kiuno, inaandika: "Tayari, malkia!" Papo hapo! Hata kidole hujakiinua!

"Mbona haraka hivyo?" nikamuuliza.

"Ufundi, kaka. Haisubiri jibu la saluni. Kwanza inamwambia mteja 'tayari', halafu ndiyo inakwenda kuuliza kama kuna nafasi. Polepole. Mteja ameshafurahi."

"Na nafasi ikiwa imejaa?"

"Eish, una roho mbaya wewe."

"Au data ikikatika njiani?"

"Ningeweka ujumbe wa kuomba radhi. Lakini ujumbe wa radhi ni mwekundu. Unaniharibia rangi."

Mama Brigitte alikuwa na swali lake. "Papa Régis, na mutu akikuja bila hii kitu, analia, anasema mama unipitishe?"

Régis akapanda tena kitini.

"Asipite! Hata akija mke wangu mwenyewe! Kama hayumo kwenye kompyuta yako, mama, hayupo duniani!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Aliyepiga kuwashinda wote alikuwa mchumba wake, Héritière, kwa sababu huyo "mke wangu mwenyewe" ni yeye, na harusi ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Jumamosi hiyo saa nne asubuhi tulikuwa kanisani, mimi nikiwa msimamizi wa bwana harusi. Régis alivaa suti ya bluu inayong'aa, nayo inateleza. Simu ikalia. Akaweka sauti kubwa, maana anapenda watu wasikie anavyoitwa mpenzi.

"We Régis!"

Ni Héritière, ila neno halikuwa 'mpenzi'.

"Malkia! Uko wapi?"

"Kwa Mama Brigitte, tangu alfajiri! Tuko wanawake kumi na mmoja, wote saa moja, wote tuna tiki yako! Mmoja wetu, Mayasa, yuko kwenye kiti, amesukwa nusu, anasema akinyanyuliwa ananyanyuka na kiti!"

"Lakini mpenzi, si una tiki ya kijani?"

"Ninayo! Sasa niivae kichwani?"

Kumbe Héritière aliweka nafasi yake akiwa kwenye foleni ya spaza, kile kiduka cha mtaani, anakwenda kununua data, na ile ya zamani inakata roho. Tiki ikaruka, ikakata kiuno, naye akafunga simu kwa amani. Ombi lenyewe likafia humo humo.

Sauti ya Mama Brigitte ikaingia, pole kabisa. "Papa Régis, nimetafuta mu kompyuta. Héritière haiko. Siku ulipandaka juu ya kiti yangu, ulisemaka nini?"

"Mpenzi, nenda saluni nyingine!"

"Mwisho wa mwezi? Nyingine zina mabenchi, na mabenchi yamejaa pakiti!"

"Basi njoo hivyo hivyo."

Nikamwonea huruma.

"Régis. Jana nimefumua zote. Ukiniona sasa utadhani nimepigwa na umeme wa treni. Niingie hivi, na mama yako kiti cha mbele? Nimeweka pakiti yangu sakafuni nyuma ya Mayasa. Wenzangu wamekubali nifuate mimi. Sakafuni, unasikia? Benchi ulitoa!"

Akakata.

Kusuka kichwa kimoja ni masaa matano. Mayasa hajamaliza. Lakini Régis ni Régis. Shangazi yake akamjia, kilemba kinagusa taa.

"Mwanangu, bibi harusi tayari?"

"Tayari kabisa, shangazi! Anateleza tu anakuja!"

Mjomba naye akajibiwa tayari. Mpiga picha vilevile, kwa tabasamu lile lile, kijani tupu. Kwaya ikaimba wimbo wake wote, ikarudia, ikarudia tena mpaka kinanda kikaanza kukohoa. Saa sita ikapiga. Mlangoni wakatokea maharusi wengine, wale wa saa nane, wamewahi, na bibi harusi wao kasukwa kichwa kinameta.

Mchungaji Placide akashika kipaza sauti.

"Bwana harusi, simama. Nataka neno moja la kweli, nijue kama nikusubiri wewe au nianze na hawa. Bibi harusi yuko tayari?"

Kanisa zima likageuka. Macho ya Régis yakaanza safari: mlango, dari, mama yake, mlango, dari, mama yake. Yalizunguka, yakazunguka, nasi tukayatazama.

"Bado, mchungaji."