Waya wa Kuku Kwenye Sanamu ya Muungano

Septemba 2, 2019

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Pokea heshima zangu. Naandika kuhusu Sanamu ya Muungano, ile mikono miwili ya mawe inayotaka kushikana ukingoni mwa mto Imjin, karibu na mpaka unaoigawa nchi yetu kaskazini na kusini. Kata yetu ilichonga mkono wa kulia, kata jirani wa kushoto. Zikagombana jina la ipi litangulie kwenye bamba, na sasa katikati ya mikono kuna waya wa kuku. Malalamiko yangu, kwa mujibu wa shajara yangu, ni haya:

1. Njia ya viti vya magurudumu iko kwetu. Jiwe la sadaka liko kwao. Mama yangu, miaka tisini, hutaka kuinama hapo kila Chuseok, sikukuu ya mababu ya mwezi mpevu, akielekea kaskazini alikomwacha dada yake. Mwaka jana aliishia kwenye waya, keki za mchele mapajani. Akaniambia, "Nilivuka mto huu risasi zikilia, nimembeba kakako mgongoni. Leo nishindwe na banda la kuku?"

2. Nilipomsihi mlinzi wa upande wa pili, alijibu, "Mzee, leta kibali. Siku saba za kazi." Nikamwambia Chuseok ni kesho. "Basi mwambie mwezi usubiri."

3. Aprili 14 upepo ulipeperusha kofia ya mama hadi kwao. Ilirudishwa Mei 3, mbele ya wajumbe wanne na mpiga picha.

4. Mkono wetu huoshwa Jumatatu, wao Alhamisi. Njiwa wamekwisha kujua ratiba, nao ndio pekee wanaovuka.

Kwa hiyo naomba kata hizi mbili ziketi kwa mazungumzo ya amani, ikibidi katika nchi ya tatu, na waya ung'olewe kabla ya Chuseok, Septemba 13. Watu wasioweza kuunganisha sanamu wataunganisha taifa gani?

Wasalimie wote ofisini, hata wale wa meza ya vibali.

Wako mtiifu,
Pyo Jung-gil

Nyongeza: Nimearifiwa sasa hivi kwamba kaka yangu Sang-gil, mkazi wa kata ile, ataweka sadaka upande wake siku hiyohiyo. Hatujasemeshana tangu 1998, tulipogombania kaburi la baba lielekee wapi. Hilo ni jambo tofauti kabisa. Tafadhali waya ubaki, na ikiwezekana uongezwe urefu.

Mama amenisikia nikisoma aya hii. Anaomba pakatwe tundu la kupita kiti chake tu. Anasema mtoto aliyemvusha mgongoni yuko upande ule.