Friji Halilazwi

Enock Gwakisa,
Msimamizi wa Gari la Kliniki,
Nachingwea.
Agosti, 2003

Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Kliniki Tembezi.

YAH: USUMBUFU WA WAGONJWA KWA FRIJI LANGU

Pole na majukumu. Kama ujuavyo, wafadhili walituletea gari lenye nyumba ndani: kitanda, sinki, na kifriji cha chanjo kidogo kama sanduku la viatu. Niliona haya kwa ajili yetu sote. Nikajitolea kutoa friji langu la milango miwili, ambalo tangu umeme uanze kukatika lilikuwa limesimama bure sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma, wageni wakidhani ni pambo. Gari lina jenereta yake. Shukrani niliyopata ndiyo hii:

1. Fundi Ausi alilazimika kukata ubavu wa gari ili friji lipite, na kitanda kikatolewa ili lipate nafasi. Sasa Nesi Mwamina anawatangazia watu wa Chunyu kwamba gari limeharibiwa. Halijaharibiwa, limefungwa kamba.

2. Nesi huyo huyo anachanganya chanjo zake na samaki wangu. Nilipomwonya, akanijibu kwamba gari ni la chanjo. Na kile kitambaa, alichokifuma mke wangu kwa mkono wake, amemfunikia mtoto wa watu!

3. Wajawazito. Hapa, Mwenyekiti, uvumilivu umenishinda. Kila mmoja anadai kulala. Friji halilazwi, fundi yeyote atakwambia. Linatoka Mandawa mpaka hapa limesimama, na mashimo yote yale, wala halipigi kelele. Ikiwa kitu cha thamani namna hiyo kinasimama, mama mwenye miguu yake miwili anashindwaje? Mmoja wao, Bi Zulekha, nilimpa kazi nyepesi tu ya kushikilia mlango wa friji usifunguke. Tulipofika kilimani akauachia, akajifungua. Soda zangu zikavunjika. Mtoto kamwita Barafu, na ruhusa hakuniomba.

Kwa hiyo naiomba kamati iamue: ama wagonjwa wasipande kabisa gari hili, ama wapande likiwa limeegeshwa.

Wasalimie wajumbe wote, na shemeji hapo nyumbani.

Wako katika kuitumikia afya ya wananchi,
E. Gwakisa

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nimeletewa habari ya simu ya upepo. Binti yangu Doreen, aliyeolewa Mandawa, ana uchungu tangu jana na mtoto amekaa vibaya. Anayekuletea barua hii ni Kipriani, dereva wetu, na gari amekuja nalo. Tafadhali mruhusu aondoke na Nesi Mwamina sasa hivi. Friji walishushe popote, hata porini. Kitanda kiko sebuleni kwangu, wageni hukikalia. Nakibeba mwenyewe mpaka njia panda ya Ruangwa, wanikute hapo. Naogopa, Mwenyekiti. Waambie wasichelewe.