Moyo Wangu na Chumvi ya Majivu

Jumatatu, 3 Machi
Muleba nzima hakuna mwenye bahati kama mimi. Nimepimwa hospitali. Daktari kasoma majibu, kanishika mkono, kasema Karugendo una mwili wa kijana, nenda nyumbani. Figo zimechoka kidogo tu. Nipunguze chumvi na ndizi. Ndizi! Kumwambia Mhaya! Mimi nimefika hadi Kampala, sijasikia maneno hayo. Mke wangu Clotilda keshaficha kopo la chumvi.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi
Siku ya pili bila chumvi. Maharage ni kama kutafuna gazeti. Kanisani, padri ananipaka majivu kwenye paji la uso, wazo likaniingia pale pale. Bibi yangu alikuwa na chumvi yake mwenyewe: anachoma maganda makavu ya ndizi, anayachuja majivu kwa maji, anapikia. Daktari kakataza chumvi. Majivu hakuyataja. Nimechoma maganda debe zima nyuma ya zizi. Clotilda kauliza moshi wa nini. Nimemwambia ni toba.

Ijumaa, 7 Machi
Sahani tatu za ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, zote kwa maji yangu ya majivu. Kaka yake Clotilda, Joackim, kaja kutoka Maruku, anakofanya kazi kwenye migomba ya majaribio. Kila akija ni profesa. Kanusa sufuria, kauliza hii nini. Nikamwambia akili za wazee, mulamu, shemeji yangu. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Kasema majivu hayo wao wanaiwekea migomba, ni mbolea ya potasiamu, mwenye figo mbovu asiyaguse. Wivu huo. Nikajiongezea upawa mbele yake.

Jumamosi, 8 Machi
Miguu haina nguvu. Moyo unadunda, unapumzika, unakumbuka tena. Clotilda analia. Joackim kanipakia nyuma ya pikipiki, kanifunga mgongoni kwake kwa kanga ya dada yake. Njia nzima anasema, "Usilale, mulamu. Nitukane." Nimemtukana hadi geti la hospitali. Wakanibandika nyaya kifuani. Sindano. Daktari kaeleza: figo nzima huitoa potasiamu kwa mkojo, zangu zinaiacha kwenye damu, ikijaa moyo unapoteza mdundo, unaweza kusimama. Ndizi zinayo nyingi. Majivu ya maganda ndiyo usiseme.

Alhamisi, 13 Machi
Nyumbani. Nipo hai. Namshukuru Mungu, namshukuru Clotilda, na huyo profesa pia. Kila usiku niliolazwa alilala sakafuni kando ya kitanda changu. Kila nikiacha kukoroma, naona mkono wake kifuani kwangu, unahesabu. Nimempa jogoo wangu mkubwa. Kakataa. Nimemfunga jogoo kwenye pikipiki kwa nguvu, nikaingia ndani haraka, maana macho yalikuwa yananiwasha.

Ndizi nimeruhusiwa chache. Clotilda anazimenya, anazichemsha, anamwaga maji, kwani potasiamu inatoka na maji hayo. Sawa, jamani waitu. Lakini maji yale ndiyo yenye utamu wote. Leo nimekinga kikombe kabla hajamwaga. Daktari kanipimia ndizi. Maji hakuyataja.

Na ile bahati ya Jumatatu ya kwanza ni uongo. Daktari alitaka kunilaza siku ile ile. Nilitorokea dirishani.