Tumbaku Yangu ya Kwenye Ndoo

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na shati la jumuiya yetu ya kanisa nimelivaa, tena nimelishona mwenyewe. Nawaandikia mapema kabla jirani yangu Mama Shija hajawafikia, maana yeye akisimulia jambo huongeza na yasiyokuwepo. Leo hana haja ya kuongeza. (Ndicho kinachoniuma.)

Wanaonijua wanajua kwamba niliacha sigara. Wasionijua nao wanajua, kwa sababu nilitangaza. Kifua kilikuwa kinakoroma, nikilala nakohoa mpaka mke wangu, Mama Leti, anaamka kunichemshia maji, halafu anakaa pembeni ya kitanda analia kimya kimya akidhani simwoni. Nikaapa nimeacha. Siku jumuiya iliposali kwetu nikasimama nikatoa ushuhuda. Nikapigiwa makofi. Mwenyekiti akasema wanaume wengine wajifunze kwa Baba Leti. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. (Nilikuwa naangalia kwa chini nani hajapiga makofi.)

Sasa, Mama Leti ana bustani nyuma ya nyumba. Chainizi, mchicha, na nyanya kidogo. Wadudu wakaivamia chainizi, wale wadogo wadogo wanaojazana chini ya jani mpaka linajikunja. Dawa ya dukani hakuitaka, anasema mboga hizo ndizo tunazokula. Mimi nikakumbuka kwetu Sibwesa, wazee walikuwa wanaloweka tumbaku, maji yake wanamwagia mboga, mdudu anakufa.

"Nitakulimia tumbaku kidogo," nikamwambia. "Hapa hapa nyumbani, kwenye ndoo."

Akaacha kupepeta mchele. "Nani alime?"

"Mimi."

"Wewe, ulime tumbaku?"

"Mama Leti, mimi na tumbaku tulishaachana. Hii ni kwa ajili ya wadudu tu."

Nataka mjue kwamba wakati ule nilikuwa nasema kweli. Mtu asibishe hapa.

Mbegu alinipa shemeji yangu, kaifunga kwenye kipande cha nailoni. Mbegu ya tumbaku ni kama vumbi, ukipiga chafya umepoteza shamba. Nikaichanganya na majivu, nikainyunyiza juu ya udongo kwenye beseni bovu, sikuifukia, nikatandaza nyasi kavu, nikawa namwagilia taratibu kwa kopo nililolitoboa kwa msumari. Ikaota. Miche ilipopata nguvu nikaihamishia kwenye ndoo za rangi, madumu niliyoyakata shingo, na sufuria moja iliyotoboka ambayo Mama Leti alikuwa bado hajakubali kuwa imetoboka.

Vijana wa kijiwe cha bodaboda walinicheka sana. Huku kwetu watu wanalima tumbaku kwa ekari, mimi nalima kwa ndoo.

"Fundi, trekta lako umeegesha wapi?"

Nikaendelea kumwagilia. Miche ilinikubali. Ikitoa maua nakata, ikichipua pembeni nang'oa. Nilifika mahali asubuhi nasalimia ndoo kabla ya kumsalimia mke. Majani yakawa mapana kama masikio ya tembo. Nikavuna ya chini, nikayatunga kwenye kamba, nikayaning'iniza stoo. Yakawa ya njano. Yakawa ya kahawia. Halafu yakaanza kunukia.

Unaingia stoo kuchukua mkaa, unatoka umesahau mkaa.

Nikajiambia, fundi hujaribu sindano kwenye kitambaa kibovu kabla ya kugusa suti ya mtu. Nitajuaje kama tumbaku hii ina ukali wa kuua mdudu bila kuionja? Nikasokota kidogo kwenye karatasi ya daftari, nikaenda choo cha nje, nikafunga mlango, nikaionja. Ilikuwa kali. Kesho yake nikaona ni vizuri kuhakikisha. (Watafiti hawapimi mara moja.)

Kamba ikawa inapungua. Mama Leti akauliza mbona majani kama si yale. Nikamwambia tumbaku ikikauka husinyaa. Ni kweli, husinyaa. Haisinyai mpaka ikabaki kamba tupu, ila hilo hakuniuliza.

Juzi akaja kibandani kwangu, mimi niko kwenye cherehani, uso wake unang'aa.

"Jumamosi jumuiya wanasali kwetu. Nimewaambia wamama tukimaliza nitawaonyesha dawa yako ya wadudu. Wote mboga zao zinaliwa. Hata mwenyekiti kasema atabaki aone. Nimewaambia mume wangu kaitoa kwenye mbegu kwa mikono yake."

Sijamwona anajivunia mimi hivyo tangu nimshonee gauni la ubatizo wa Leti. Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nikaufungua, nikasema, "Vizuri."

Leo asubuhi nikaenda stoo. Kwenye kamba vimebaki vijani vya mwisho, vile vilivyotoboka ambavyo hata mimi nilikuwa nimevikataa. Nikakaa juu ya gunia la mkaa nikafikiri. Kisha nikaokota majani makavu ya mpapai, nikachukua na ya maboga yaliyokaukia uani, nikatwanga yote pamoja na vile vijani, nikachekecha. Ukatoka unga wa kahawia mzuri kabisa. Kwa macho, ningeweza kumuuzia shemeji aliyenipa mbegu.

Jumuiya ikaja. Tukasali rozari, tukasoma Injili, tukaimba. Mimi niliimba kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Baada ya sala Mama Leti akawapeleka wote nyuma ya nyumba. Wakazipita ndoo zangu, bado zina majani mabichi ya juu, wakazishangaa. Mwenyekiti akanishika bega akasema, "Ona mtu alivyoigeuza tumbaku kuwa baraka." Nikasema amina.

Mama Leti alikuwa ameandaa maji na kipande cha sabuni ili dawa ishike kwenye majani. Akachukua mfuko wangu wa unga. Akaanza kueleza, kama mwalimu. Alipotaka kumimina, Bibi Kalista akanyoosha mkono.

Bibi Kalista ni Mpimbwe wa Kasansa, alihamia hapa mjini kwa mwanae. Ugoro anaufunga kwenye pindo la kanga, na jumuiya nzima tunajifanya hatujui.

"Hebu nione kwanza," akasema.

Akachota kidogo kwa vidole viwili, akavuta pua ya kulia. Wote tukatulia, tunasubiri chafya. Akainua uso juu. Akafumba macho. Hakuna chafya. Akachota tena, akavuta pua ya kushoto. Akasubiri tena kama mtu anayemsubiri mgeni asiyekuja. Kisha akafumbua macho.

"Baba Leti."

"Naam, bibi."

"Hii tumbaku imeokoka."

Wamama wakaanza kucheka. Mimi nikacheka pia, kwa sababu mtu asiyecheka huonekana.

"Labda imepoteza ukali," nikasema. "Unyevunyevu wa stoo."

Wote wakaangalia chini, kwenye vumbi la kiangazi chetu hiki ambacho hata mate yanakaukia mdomoni. Mama Leti akachukua unga, akaunusa, akaunusa tena.

"Baba Leti, huu ni mpapai."

"Upo kidogo. Nimeongezea."

"Kwa nini uongezee? Kamba ilijaa. Nimeiona kwa macho yangu."

Hapa jamani ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli, akapata aibu ndogo, akaenda zake. Mimi nikaangalia pembeni nikitafuta msaada, nikamwona mbuzi wa Mama Shija amesimama kwenye uzio.

"Mbuzi," nikasema. "Mbuzi aliingia stoo akala nyingine. Sikutaka kumsema jirani."

Mama Shija akageuka taratibu. Huyu ni Msukuma, familia yao walikuja huku na ng'ombe zao miaka mingi iliyopita, na mifugo yake haisemwi vibaya. "Mbuzi wangu? Ameingia stoo yenye mlango wa komeo?"

"Siku hiyo haukufungwa."

"Akapanda hadi kwenye kamba, akala tumbaku kavu, akashuka, akarudi nyumbani mzima?"

"Nyie mnajua mbuzi walivyo."

"Mimi ndiye ninayejua mbuzi walivyo," akasema Mama Shija.

Mwenyekiti akakohoa, akataka kutuliza mambo. Bibi Kalista yeye akasema anaomba kwenda chooni. Nikamwonyesha njia kwa adabu zote. Hata haikunijia akilini. Nilikuwa nafikiria mbuzi.

Alikaa kidogo. Aliporudi alikuja polepole, ameshika kitu kwenye kiganja. Akasimama katikati ya watu akakifungua kiganja. Kipande cha karatasi ya daftari kilichosokotwa na kuungua nusu. Na kiberiti.

"Mama Shija," akasema, "mbuzi wako yuko salama. Ila mwambie vitu vyake asiviache kwenye dirisha la choo."

Sitawasimulia kicheko. Mwenyekiti alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, kitabu kikawa kinatetemeka. Mama Shija aliketi chini kabisa, kwenye udongo, na kitenge chake kipya.

Mama Leti peke yake hakucheka. Akaja karibu yangu, akauliza kwa sauti ya chini, "Umeanza tena lini?"

"Tangu yalipokauka."

"Na kile kikohozi ukasema ni vumbi."

Nikakohoa. Ningependa kuwaambia kwamba lilikuwa vumbi.

Akaenda akasimama kwenye ndoo zangu. Nikadhani atazipiga teke. Badala yake akawageukia wenzake akasema, "Wamama, dawa yenyewe ni nzuri, ubaya ni mtunzaji. Kila mmoja abebe ndoo yake. Mkaushe majani kwenu, mloweke, mmwagie mboga." Kisha akanigeukia. "Ya Bibi Kalista utambebea wewe. Ni mzee."

Ndoo ya Bibi Kalista ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, na yeye ndiye anayekaa mbali kuliko wote. Kwa hiyo leo mtaa wetu wa Nsemulwa umeshuhudia wamama wa jumuiya wamejipanga barabarani, kila mmoja na mti wa tumbaku kichwani, na nyuma yao fundi kashika ndoo kifuani, majani yananipiga usoni. Tukapita kijiweni. Vijana wakanyamaza kwanza, kwa heshima, wakidhani ni maandamano ya kanisa. Halafu mmoja akanitambua.

"Fundi, umefilisika?"

"Amegawa shamba," akajibu Bibi Kalista, hakugeuza hata shingo.

Kwake nikaitua ndoo kivulini. Nikamwuliza mboga zake ziko wapi, maana uani kwake sikuona hata shina la mchicha. Akakaa kwenye kigoda, akalisugua jani kwa kidole gumba, akalinusa.

"Mboga gani, mwanangu? Mimi sijawahi kumwapia mtu kwamba nimeacha." Akanipa mkono. "Nenda nyumbani. Na uingie ukiwa umenyamaza."

Nikaingia nikiwa nimenyamaza. Mama Leti alikuwa anafagia mahali ndoo zilipokuwa. Nikaanza kuomba msamaha, nimeupanga vizuri njia nzima, akanikatiza.

"Makofi ya jumuiya hayanihusu," akasema. "Mimi nataka ulale, upumue, na mimi nilale. Basi."

Nikachukua ufagio mkononi mwake nikamalizia.

Funzo nililopata ni fupi: aliyeacha tumbaku asilime tumbaku, hata kwenye kikombe cha chai. Na nyie mnaosoma hii mkiwa hapa hapa mtaani, nawaomba mcheke kwa ndani. Kuta zetu ni nyembamba, na mpaka sasa nimeshasikia vicheko kutoka nyumba zote mbili za jirani.