Nyumba ya Kumrudisha Fowsiya

Jumatatu, 13 Januari 2025

Leo nimeajiri msanifu majengo. Mimi! Abdisalam, dalali wa ngamia, niliyejenga nyumba ya kwanza kwa akili yangu mwenyewe. Nyumba hiyo bado ipo. Madirisha yote yanatazama magharibi. Samli inayeyuka yenyewe kabatini. Jiko nililisahau kabisa, mke wangu Fowsiya akawa anapikia kwenye korido. Mwezi uliopita alichoka, akapanda gari kwenda kwa mama yake kule Balambala. Amesema atarudi siku atakapoona nyumba ambayo mtu anaweza kupumua saa sita mchana. Bila yeye hapa ni ghala tu. Nalala sebuleni na viatu.

Msanifu anaitwa Idman. Binti wa Wajir, kasomea Nairobi. Nilipanga kumshusha bei kwa njia yetu ya sokoni: mikono chini ya kitambaa, vidole vinaongea, watu hawaoni. Kitambaa nikakitoa. Ndipo nikakumbuka ni mwanamke, tena si maharimu wangu. Nikajifutia jasho nacho. Nikakubali bei yake yote. Haijawahi kutokea!

Jumanne, 14 Januari

Idman kafika kiwanjani. Nilitarajia futi na kamba. Wapi! Kaketi kwenye kiti cha plastiki kuanzia adhuhuri hadi alasiri, anatazama kivuli cha mgunga kinavyotambaa. Mara akaokota vumbi, akalirusha, akatazama linakoelekea. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema anataka kujua upepo unapenda kupita wapi. Subhanallah! Nimezaliwa Garissa hii, na sijawahi kuuliza upepo kitu chochote.

Nikampa matakwa yangu. Ghorofa mbili, kwa sababu jirani yangu Diriye, muuza magodoro, ana moja. Nguzo nne mbele. Sebule ya wazee, sebule ya vijana, sebule ya wanasiasa wakati wa kura. Akaandika yote kwa adabu. Halafu akaniuliza, akiniita ami kwa Kisomali chetu, "Na mwenye nyumba atalala wapi, adeer?"

Nikasema mwenye nyumba ni mimi. Akacheka! Akasema bibi yake kule Wajir alikuwa akisuka mikeka ya nyumba kwa mkono wake, akiisimamisha, akiibomoa na kuipakia juu ya ngamia. Kwetu nyumba ni ya mwanamke, mume ni mgeni aliyekaribishwa. Kwa hiyo hachori hata mstari mmoja kabla ya kuongea na mke wangu.

Balaa. Fowsiya akiongea, ghorofa zangu zimekwisha. Na nitasemaje kwamba nimekimbiwa kwa sababu ya madirisha? Nikajibu kwamba mke yuko sokoni tu, kesho atampata.

Jumatano, 15 Januari

Mpango safi kabisa. Nimemvisha dada yangu Kaaha nikabu na kumfundisha maneno: mimi ni Fowsiya, nataka ghorofa mbili, nataka nguzo. Idman hajawahi kumwona yeyote kati yao. Nani angejua?

Mwanzo ulikuwa mzuri mno. Kaaha alidai nguzo kwa uchungu hadi mimi mwenyewe nikamwamini. Kisha Idman, kama yeyote kati yetu angefanya, akamuuliza kwa heshima yeye ni binti wa nani.

Ewe ulimi wa Kaaha! Tangu utotoni tulifundishwa kuhesabu mababu, na siku zote alinishinda. Kichwa juu, macho yanawaka ndani ya nikabu, akaanza: Fowsiya Kerrow Abdiwahab, akapanda babu kwa babu, bila kupumua, mpaka kwa mkubwa wa ukoo. Jina la kwanza alikumbuka kulibadilisha. Mababu hakuthubutu kuwagusa.

Idman alikuwa na mkataba wetu mezani, umeandikwa Abdisalam Kerrow Abdiwahab. Akaweka kidole juu ya jina langu.

"Adeer, wewe umeoa dada yako?"

Kaaha akapiga kelele astaghfirullah, akavua nikabu, akanipiga nayo. Nikasema ukweli wote, hata habari za samli. Idman akauliza njia ya Balambala.

Jumanne, 21 Januari

Sijui niandike nini.

Idman karudi na nyumba ndogo ya makaratasi. Kaiweka mezani, kafunga mapazia, kawasha tochi ya simu. Akasema hili ndilo jua letu. Akalizungusha polepole, kutoka asubuhi hadi magharibi. Katikati kuna ua, na vyumba vyote vinautazama. Kivuli kikahama ukuta hadi ukuta, lakini hakikutoka uani hata kidogo. Hata kidogo! Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikaomba tena. Naapa nilihisi ubaridi shingoni, na ilikuwa karatasi tu.

Jiko lipo, kubwa, na upepo unabeba moshi nje. Pembeni yake kuna kibaraza kidogo. Nikauliza ni cha nini. Idman akasema Fowsiya ndiye aliyekiomba, akaiga matamshi yake ya Kisomali: "Cha mume wangu. Akae habo anidanganye habari za soko wakati mimi nabika."

Nikasingizia vumbi limeniingia machoni. Hakuna ghorofa, hakuna nguzo, na nimetia sahihi kwa furaha. Fowsiya amepiga simu. Kuta zikifika kifuani, anakuja kukagua. Akiridhika, habanduki tena.

Jumatano, 12 Februari

Kuta zimefika kifuani! Nazigusa kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Kila kitu kama kwenye karatasi. Msichana huyu ni wa ajabu.

Diriye kapita leo. Kaniuliza zizi hili ni la mbuzi wangapi.

Nimefikiri kutwa nzima. Ngazi moja ya zege haimdhuru mtu. Fupi tu, ionekane kutoka barabarani, Diriye adhani ghorofa inakuja. Uani kuna nafasi, pembeni ya jiko. Fundi akauliza, "Mzee, hii ngazi inabeleka mtu wabi?" Nikamjibu inampeleka Diriye hospitali.

Jumamosi, 15 Februari

Fowsiya amekuja kwa gari la Idman, godoro limefungwa juu. Kashika kuta, kasema mashallah. Kasimama jikoni kwake akicheka peke yake. Sijamwona hivyo miaka mingi. Moyo wangu ulijaa.

Kisha akatoka uani. Akaiona ngazi. Akauliza inakwenda wapi. Nikasema kwa sasa haiendi popote. Akauliza kibaraza kiko wapi, mume wake atakaa wapi. Nikamwonyesha kidato cha tatu cha ngazi, ni kipana.

Akarudi garini, Idman akawasha. Hata kamba ya godoro haikuwa imefunguliwa.

Nimepanda juu kabisa naandika. Subhanallah, mandhari! Mto Tana wote ule, paa la Diriye, barabara ya Balambala na gari lao linavyopungua. Nimelia, sikatai. Ila kosa langu nimeliona wazi. Ngazi isiyo na kitu juu ni upuuzi, mwanamke yeyote angekasirika.

Kesho namwita fundi tuanze ghorofa.