Tangi la Samaki Lafika Makangale

Jaribu alikuwa analalamika juu ya samaki, na Thuwein, aliyekaa barazani kwa Jaribu akinywa kahawa ambayo hakuwa na nia ya kuilipia, akaacha kupuliza kikombe.

Jaribu alikuwa na gesti ya vyumba saba pale Wete. Mwezi uliopita alikwenda Mombasa kutibiwa macho, na jambo la kwanza alilolitazama kwa macho yake mapya lilikuwa tangi la kioo katika hoteli moja, refu kama kitanda, lina taa ndani, na samaki wa kila rangi wanapita humo kama mabibi harusi. Tangu arudi halali. Alitaka tangi kama lile sehemu ya mapokezi, ili mgeni akiingia ajue amefika kwa watu. Bei aliiweza. Kilichomuudhi ni nauli ya meli na ushuru wa forodha.

"Tangi, pampu, taa, hita ya kupasha maji, kila kitu na ushuru wake," alisema. "Yakhe, mie nataka kufuga samaki, sitaki kuifuga serikali."

Thuwein akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli kabisa. Huzuni ilikuwa moja katika vifaa vyake vya kazi. Kijana huyu aliwahi kuuza viingilio vya mechi ambayo timu ya pili haikuwahi kuwapo, na kuiuza redio ambayo ndani yake mlikuwa na mchanga wa kuipa uzito. Hata hivyo Wete hawakumchukia, kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuzuru wagonjwa, na mgonjwa aliyetembelewa na Thuwein alicheka siku nzima.

Lakini wakati ule yeye mwenyewe hakuwa na cha kuchekea. Alimtaka Shariffa binti Suud, na Shariffa alimtaka yeye. Mzee Suud, ambaye jamaa zake walikuwa na mashamba ya mikarafuu kabla ya Mapinduzi na sasa walikuwa na miti michache na heshima nyingi, alikwisha sema neno lake. Mtu asiyejulikana anafanya kazi gani hampi mtoto. Akiona duka lenye mlango, na mlango una kufuli, hapo watazungumza. Na kule Chake alikuwapo mwalimu mmoja aliyekwisha peleka posa.

Kwa hiyo Thuwein alikuwa amefanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alikuwa ameweka akiba. Fedha za kilemba cha duka, ile ada ya kumpa mwenye nyumba ili akupishe mlango, zilikuwa ndani ya godoro lake. Zilitosha mlango, hazikutosha bidhaa. Duka tupu, Mzee Suud angeligundua.

Akaweka kikombe chini. Alimwambia Jaribu kwamba hoteli ile ya Mombasa inafungwa na vitu vyake vinauzwa, habari aliyoibuni papo hapo na ambayo kwa bahati ilikuja kuwa kweli. Atakwenda mwenyewe, atanunua kwa fedha zake, atalipa nauli na ushuru wote. Jaribu atatoa fedha siku tangi litakapofika mlangoni, si kabla.

Jaribu, aliyekuwa amejiandaa kukataa kutoa malipo ya mbele, hakupata pa kushika. Wakakubaliana. Siku ile ile Jaribu akawapa wavuvi kazi ya kumtafutia samaki wa rangi wakiwa hai, akawaweka kwenye mabeseni uani.

Nia ya Thuwein ilikuwa kutolipa hata senti moja ya nauli wala ya ushuru, kisha kumdai Jaribu vyote kwa ukamilifu. Njia ilikuwa wazi kwa mtu yeyote aliyelelewa Pemba. Nahodha Hija, mwenye chombo cha mizigo cha Mombasa na Wete, hakuwahi kutoza nauli mzigo wa msikiti. Alikuwa anauhesabu katika thawabu zake. Na forodha nao walikuwa wakisamehe vitu vya wakfu, mradi mtu wa msikiti wenyewe aje avipokee.

Alihitaji, basi, mtu wa msikiti. Msikiti wenyewe ulitakiwa uwe mbali. Akamchagua Mzee Mjaka wa Makangale, kule mwisho wa kisiwa karibu na msitu wa Ngezi, aliyekuwa akija Wete kuuza kuku. Mzee Mjaka, Mungu amrehemu, alikuwa na sura ya mtu ambaye hata kuku wake walimdanganya. Alikuwa pia na kikohozi kidogo kilichomjia kila alipotaka muda wa kufikiri. Thuwein alimweleza mambo taratibu, kwa maneno mepesi, akamwahidi mfuko wa mchele.

Mzee akakohoa. Akauliza tangi lina ukubwa gani. Akauliza hiyo hita inafanya nini. Alipoambiwa kwamba inapasha maji yakawa vuguvugu, akakohoa kwa muda mrefu kidogo, kisha akasema atakuja, na atakuja na wenzake kidogo ili ipendeze.

Thuwein akavuka Mombasa na zile fedha za godoroni, akalinunua tangi. Siku chombo cha Nahodha Hija kilipofunga gati Wete, wenzake kidogo walijaza lori. Wote walikuwa wamevaa kanzu za Ijumaa. Thuwein alipowaona alijisifu kimoyomoyo. Hata sarakasi haijawahi kupangwa vizuri namna ile.

Ofisa wa forodha wa zamu, Bwana Pandu, alikuwa mtu mpole na mwangalifu. Alilizunguka tangi, akaigusa pampu, akasema yeye hana shaka na mtu. Lakini zamani zililetwa taa za msikiti hapo hapo, na baadaye zikaonekana zinawaka kwenye ukumbi wa taarabu. Tangu siku ile, anayeweka wakfu huutamka mbele yake na mbele ya mashahidi.

Thuwein akasita kidogo. Kuidanganya forodha ni jambo moja. Hili lilikuwa na harufu nyingine.

"Tamka tu, mwanangu," alimnong'oneza Mzee Mjaka. "Watu wanangoja."

Watu walikuwa wanangoja kweli, kanzu hadi mlangoni, na Thuwein hakuwahi katika maisha yake kuwaangusha watu waliokuwa wanamsikiliza. Akapanda juu ya kreti. Akasema kwamba tangi hili ni mali yake ya halali, amelinunua kwa fedha zake, na kwamba analiweka wakfu pamoja na vyombo vyake vyote kwa msikiti wa Makangale, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, haliuzwi, halitolewi zawadi, halirithiwi. Sauti ilipopata ladha akaongeza mpaka siku ya Kiyama, jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Bwana Pandu akafuta macho. Nahodha Hija akaitikia amina, na gati zima likamfuata.

Nje, Thuwein aliwakuta watu wa Makangale wanalipakia tangi kwenye lori lao.

"Mzee, gari langu ni lile pale."

"Nimeliona," alisema Mzee Mjaka. "Zuri."

"Sasa hawa wanalipeleka wapi tangi?"

"Kwake. Msikitini."

"Mzee Mjaka, tulikubaliana mie na weye."

"Tulikubaliana nije nipokee wakfu. Nimekuja, nimepokea. Ule mchele wako nimekusamehe."

"Lakini yale yalikuwa maneno tu."

Mzee akakohoa kidogo. "Na ndoa je, mwanangu? Na talaka? Si maneno tu?"

Thuwein akageuka kuutazama mlango wa forodha. Angeweza kurudi ndani akaungama kwamba alisema uongo. Lakini huko kulikuwa na ushuru, faini, nauli ya Nahodha Hija, na pengine chumba chenye mlango na kufuli ambacho Mzee Suud hakukikusudia. Lori likaondoka, na wazee wawili wamelikumbatia tangi ili lisipate mtikisiko.

Hakukata tamaa mara moja. Ijumaa iliyofuata alikwenda Makangale akiwa na uso mzito, akawaeleza kwamba amegundua jambo la kutisha: kule hotelini tangi lilikuwa jirani na bia, na huenda bia ilimwagikia ndani. Hana budi kuliondoa, asije akawaharibia watu sala.

"Tumeliosha mara saba," alisema Mzee Mjaka. "Ya kwanza kwa udongo. Njoo utawadhe."

Akatawadha. Pampu ilikuwa inapandisha maji hadi kwenye mabomba, taa inawaka, na maji yalikuwa vuguvugu. Wazee walimweleza kuwa tangu tangi lifike, saa ya alfajiri msikiti unajaa mpaka nje, na kwamba wenye maungo ya baridi wanamwombea dua yeye kwa jina. Mmoja alimshika mkono akakataa kuuachia. Thuwein alirudi Wete maungo yamempoa, hana tangi, hana fedha, na kilemba cha duka kimekwenda kwa mtu mwingine. Jaribu, baada ya kumtukana kwa kutwa nzima, aliwapika samaki wake kwa nazi.

Basi Mzee Suud alipomwita nyumbani, Thuwein alijua anakwenda kuambiwa habari za mwalimu wa Chake. Alikuta wazee wamekaa mkekani.

"Mie nilitaka mlango wa duka kwa sababu nilikuona muongo," alisema Mzee Suud. "Sasa nasikia kila khutba inakutaja. Mtu aliyetoa mali yake yote kwa nyumba ya Mungu, mie namdai mlango wa nini?"

Thuwein akainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao, kwa kweli, ulimwenea.

Bi Ghania, mama yake Shariffa, akaingia ndani kumuuliza mwanawe. Kilisikika kicheko kirefu, kilichozibwa na mto. Bi Ghania akarudi na jibu. Mtoto ameridhika. Ila anasema, mtu aliyeweza kuwapa watu wa Makangale tangi zima hatampa mkewe pungufu ya hapo, na mahari yake atayapokea taslimu, hayataki ya kutamkwa.

Wazee wakamgeukia Thuwein, wanangoja. Akawatazama mashahidi mmoja mmoja. Chini ya pazia la mlango wa ndani ilionekana miguu miwili yenye hina, haijatikisika.

"Nimekubali," alisema, polepole, kama mtu anayelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza.