Swichi Kumi za Mzee Rwehumbiza

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nkwabi ameweka kisanduku kipya cha umeme! Jirani yule yule aliyepaka ukuta rangi wiki moja baada yangu. Leo kaniita sebuleni kwake, hapa hapa Kiseke, kunionyesha swichi sita nyeupe zinazojikata zenyewe. Eti fyuzi za waya kama zangu ni za kizamani. Nikasema hongera. Nimerudi nyumbani, chai nimeiacha mezani.

Mpango: changu kiwe na swichi nane. Hapana. Kumi!

Jumanne, 5 Agosti

Kaja fundi Selina, binti mwenye cheti. Kanipa shikamoo, kafungua ubao wangu wa fyuzi. Kisha akauliza ni nani aliyefunga seng'enge mahali pa waya wa fyuzi. Nikasema fundi wa zamani.

(Ni mimi. Fyuzi ilikuwa ikiungua kila wiki. Tangu niweke seng'enge, haijaungua hata mara moja. Ubunifu!)

Akaeleza kuwa seng'enge haiungui, kwa hiyo kitakachoungua ni nyumba. Mke wangu Immaculata akanitazama. Nikaenda kukagua mipapai.

Alhamisi, 7 Agosti

Ushindi! Kisanduku kimefungwa. Swichi kumi, na moja pana zaidi ambayo Selina anasema inakata umeme ukianza kuvuja, kabla haujamdhuru mtu. Sikuiomba hiyo. Kaisisitiza.

Nikamwita Nkwabi aje kuona. Alipofika tu mlangoni, Immaculata akiwa bafuni anaandaa maji ya kuoga, pa! Nyumba nzima imezima. Nikawasha. Pa! Nkwabi kacheka mpaka kashika ukuta. Wangu!

Sasa naelewa. Selina ni Msukuma, Nkwabi ni Msukuma. Wamepanga.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi nimeandaa ndoo ya maji ya kuoga na koili yangu ya kuchemshia, ile iliyopasuka mpini nikaizungushia selotepu. Nimechovya kidole nipime joto likipanda, nikaiwasha. Kitu kikanibana kama siafu, na papo hapo umeme ukakatika. Hata kuoga nimenyimwa! Nimempigia Selina, nikamtaka aje kesho ajieleze mbele ya mashahidi.

Jumamosi, 9 Agosti

Mashahidi: Immaculata na Nkwabi. Selina hakujieleza. Kachomoa kila kitu ndani ya nyumba, kisha akarudishia kimoja kimoja. Friji, salama. Pasi, salama. Immaculata, ambaye sikumtuma, akaleta koili kutoka bafuni. Selina akaichomeka. Pa!

Selina akaigeuza mkononi, akaniuliza taratibu kama nimewahi kugusa maji ikiwa humo. Nikasema kidole tu. Jana.

Hakuna aliyecheka, hata Nkwabi. Immaculata akakaa chini pale pale sakafuni.

"Baba Kokuberwa," akasema, "jana ningekukuta bafuni umekauka."

Akalia. Nikakaa chini karibu naye. Nikamshika mkono, sikuuachia. Bila shaka ni baridi.

Halafu Nkwabi akamuuliza Selina kama kisanduku chake nacho kina ile swichi pana. Selina akaenda kukitazama, akarudi. Hakina! Swichi zake sita zinakata mzigo ukizidi, basi. Nkwabi akaomba namba ya simu ya Selina. Akaiomba kwangu! Kwa adabu! Nimemwandikia kwenye karatasi, polepole, ili aone mwandiko.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa nimesimulia mara saba. Mara ya kwanza kilikuwa kidole, mara ya saba ni mkono mpaka kwenye kiwiko. Katekista kanishika bega. Nkwabi alisimama nyuma.

Nimetafakari sana mkasa huu. Kama kisanduku kinanilinda kiasi hiki, fundi wa nini tena? Naweza kufunga umeme popote, mwenyewe, bila woga. Nimeshanunua waya. Kesho Immaculata akienda Kisesa kwa dada yake, naanza na banda la kuku: taa nne na feni. Waya utapita chini ya tangi la maji, ndiko karibu.

Nkwabi hana feni ya kuku.